Khaemba Alivyotoka Chini ya Usukani

Mwaka wa hamsini na saba, homa kali ya mafua ilipoingia Nakuru, madereva wengi waliugua na malori yao yakabaki yameegeshwa. Khaemba, Mbukusu mwenye kifua kipana aliyekuwa akipeleka mahindi Naivasha, akapewa safari za wenzake. Alizikubali zote. Hakuna aliyeijua barabara ile kama yeye, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hivyo.

Barabara ilikuwa tupu. Kwa kuwa hakukuwa na wa kupishana naye, Khaemba alizoea kwenda kasi. Asubuhi moja mkewe, Nabalayo, alimgusa paji la uso.

"Unachemka, Baba Wekesa. Pumzika leo."

"Nikilala mimi, mahindi yatajipeleka?" akajibu, akaondoka.

Alipokaribia Gilgil, punda milia wakakata barabara. Kwa mwendo wa kawaida angefunga breki tu. Siku hiyo, kwa mbio zile na macho yaliyojaa machozi ya homa, aliwaona wakiwa wameshamfikia. Akakata kona, lori likaacha barabara na kugonga mgunga. Magunia yakaja mbele kwa kishindo na kuibonyeza kebini. Usukani ukamkaba kifua, dashibodi ikamlalia paja la kushoto, na mfupa akausikia ukivunjika.

Wanawake waliokuwa wakichuma pareto shamba la jirani walikuja mbio. Ndipo akakohoa. Wakasimama pale pale, wakijiziba midomo kwa leso.

"Huyu ako na ile homa!" mmoja akasema.

Ni mmoja wao tu, Njoki, aliyesogea. "Mimi ilishanilaza ikaniacha," akasema. "Haya, dereva, niambie nifanye nini."

Swali hilo lilimrudishia Khaemba akili. Akamwonyesha jeki nyuma ya kiti: aisimamishe sakafuni, kichwa cha jeki kikae chini ya dashibodi, kisha azungushe mpini polepole.

"Nikipiga kelele usiniangalie. Angalia chuma."

Njoki akazungusha. Khaemba alipiga kelele, tena sana, lakini mikono ya mama yule haikusita. Chuma kikainuka kidogo kidogo, usukani nao ukaachia kifua, hadi paja likawa huru. Wale wengine nao wakaona haya, wakaja kumbeba.

Hospitali ilikuwa imefurika wagonjwa wa mafua, kwa hiyo akalazwa barazani. Homa iliisha, mbavu zikapona, ila mguu uliunga ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Aliporudi kazini akichechemea, karani wa malori, Thuo, alimwambia nafasi iliyopo ni ya kulinda lango.

"Lango halina injini," Khaemba akasema. "Nipe funguo."

Akapanda lori na kulirudisha nyuma kati ya maghala mawili, mahali ambapo madereva wazima walikuwa wakikwaruza ubavu wa gari. Thuo akatazama, kisha akaandika jina la Khaemba kwenye orodha ya safari. Wiki iliyofuata Khaemba alikuwa barabarani, na kila akipita shamba la pareto alimpigia Njoki honi.

Mvua za masika zilipoanza, aliamka siku moja akiwa na baridi mwilini. Alikwenda mpaka ofisini akaziweka funguo mezani.

"Leo siendeshi."

"Na mahindi je?" Thuo akauliza.

"Mahindi yatangoja. Hayajawahi kuvunjika mguu."

Thuo alinung'unika, lakini akazitundika funguo ukutani. Khaemba akarudi nyumbani kulala, wala hakumwomba mtu msamaha.