Siku Nilipoipasua Sarafu ya Babu

Harufu ya nta inayochemka huwezi kuichanganya na nyingine. Ni tamu na nzito, ina moshi na nyuki waliokufa ndani yake, na ikishaingia kwenye shati haitoki hata ulifue mara tatu. Mimi nimekulia ndani ya harufu hiyo, Tura, stesheni ya reli mashariki ya Tabora, ambako baba yangu alinunua nta kwa warina asali na kuipakia kwenye treni. Shule nilikomea darasa la nne, sioni haya kusema. Leo maghala matatu pale Ipuli ni yangu, malori mawili ni yangu, na wenye digrii zao wananiamkia "shikamoo bosi" wakitafuta kazi. Yote hayo nimeyapata kwa somo moja la baba: usinunue bonge la nta kabla hujalipasua. Watu walikuwa wajanja. Waliyeyusha nta, wakatumbukiza jiwe au udongo katikati, ikaganda, ikang'aa kwa nje kama kitu cha kanisani. Kwa hiyo kila bonge liliwekwa chini, likapigwa panga, tukalitazama tumbo. Nilipofika miaka kumi mpasuaji nilikuwa mimi, na sikudanganywa hata mara moja. Watu wazima walikuwa wanasubiri niende kisimani ndipo walete mzigo.

Kiangazi cha mwaka huo babu yangu, baba yake baba, alipata sarafu. Siku zote alisema kwamba alipigana ile vita kubwa ya pili katika Keya, jeshi la Waingereza la askari wetu weusi, na kwamba walivushwa kwa meli hadi Bama, yaani Burma. Alikuwa akitusimulia huku anachora mito kwa fimbo yake chini, na mimi nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. Tatizo ni kwamba alirudi bila nishani wala karatasi, ana mguu mmoja mzito tu, na mguu mzito hata aliyeanguka mtini anao. Askari wa zamani walikuwa wakikutana Tabora mjini kila mwaka. Yeye walimrudisha mlangoni kwa kukosa cha kuonyesha. Basi siku moja padri wa parokia akashuka na treni, akamkabidhi bahasha ndogo kutoka ng'ambo. Alieleza kwamba chama fulani huko kimetengeneza sarafu za fedha, fedha yenyewe ile ya madini, kuwaenzi askari weusi waliopigana vita ile, na kinawatafuta waliobaki hai. Upande mmoja palikuwa na sura ya askari mweusi mwenye kofia iliyokunjwa ukingo. Upande wa pili yalikuwa maandishi ambayo pale stesheni ni padri peke yake aliyeweza kuyasoma, na padri alikuwa ameshaondoka na treni.

Tura nzima iliitilia shaka. Miaka yote hiyo walikuwa wapi, na kwa nini leo? Mama alihisi ni namna ya kuandikisha watu kwa vita nyingine. Baba aliuliza tu wanataka nini. Mimi niliitazama ilivyokuwa inang'aa, nikayakumbuka mabonge. Lakini aliyechochea kuliko wote ni Mzee Pazi, mpiga bendera wa reli, Mzaramo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa.

"Mtani, hilo ni bati la kopo la samli," Pazi alimwambia babu mbele ya watu waliokuwa wakingoja treni. "Wanajua Mnyamwezi akiona kinachong'aa, anajitwisha kichwani bila kuuliza."

"Nyamaza wewe, pwani yenu bila migongo yetu ingekula nini?" babu akajibu.

"Huko Bama ulikwenda kupika uji. Askari gani anarudi hata kifungo hana? Jumamosi nenda nayo Tabora, wenzio wakuone na kifuniko chako cha soda!"

Watu walicheka, babu naye akacheka, lakini nilikiona kidole gumba chake kinaisugua ile sarafu bila kupumzika. Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mkutano wao. Koti lilikuwa limeshafuliwa na kutundikwa.

Ijumaa mchana babu alilala. Nikaitoa sarafu kwenye koti, nikachukua tindo na nyundo kwenye sanduku la mafundi wa reli, nikaiweka juu ya chuma cha reli na kugonga. Pigo la tatu likaitenganisha. Nikipenda naweza kusema nilikuwa namtetea babu, wala si uongo wote. Lakini hasa nilitaka kujua. Nilikuwa nimezoea kwamba kitu ambacho hakijapasuliwa hakijasema ukweli. Ndani palikuwa peupe kama nje, peupe kutoka ukingo hadi ukingo. Nikakimbia kwa Mzee Pazi, kifua mbele, nikamwekea vipande viwili kiganjani.

"Fedha tupu," alisema. Kisha akaniangalia. "Mjukuu wangu, umefanya nini?"

Babu nilimkuta ameshaamka, kaketi mlangoni, koti lake mkononi. Sikujua nianzie wapi, nikasema, "Shikamoo babu."

"Marahaba. Ndani kukoje?"

"Kweupe, babu. Ni fedha kweli."

Alivipokea vile vipande, akavipanga juu ya goti. Tindo lilikuwa limepita shingoni mwa yule askari. Babu akasema, "Wa namna hii niliwaona wengi." Hakunipiga. Kesho yake treni ilikuja na hakupanda. Baba alimwambia achukue vipande, si fedha ni ile ile. Akajibu kwamba hawezi kumpeleka mwenzake mbele za watu akiwa hivyo. Jioni Pazi alileta kuku, kama watani wafanyavyo utani ukivuka mpaka, akangoja atukanwe. Babu alimpokea yule kuku kwa mikono miwili, akamshukuru kwa adabu, akamwita "Mzee Pazi". Mtani haitwi hivyo. Pazi alisimama pale mlangoni akilia.

Tangu hapo hakuna mtu wa Tura aliyethubutu kusema babu hakwenda vitani. Na yeye hakusimulia tena, mpaka tulipomzika.

Siku hizi sarafu kama zile zinatangazwa kwenye simu, ziko ndani ya vikasha vya kioo pamoja na cheti, na watoto wangu wakiona cheti wanaamini papo hapo. Naweza kununua kumi bila kuuliza bei. Juzi mwanangu wa chuo kikuu aliniketisha sebuleni, daftari mkononi, anataka kuandika habari za babu: alikuwa kikosi gani, alivuka mito ipi, wenzake walikuwa nani, mguu aliumia wapi. Hayo yote mimi, mtu asiyedanganywa, niliyasikiliza kwa sikio moja. Ninachokijua kwa hakika ni rangi ya ndani ya ile sarafu.