Ugali wa Gredi ya Nne

Kosa lilikuwa langu, nalisema mapema ili usilitafutie mtu mwingine: mwalimu aliagiza mtoto apike ugali, mzazi amrekodi kwa simu, na mimi nikapika.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nashonea watu suruali mlangoni kwangu hapa Kabiro, mke wangu ndiye hutoka kwenda kazi, kwa hivyo mambo ya shule ya binti yetu Mercy ni yangu. Sasa, sisi watu wa Western, kule magharibi mwa Kenya, ugali ni jina la ukoo, na nilipomwona Mercy akitaka kumwaga unga kwa maji ambayo hata hayajachemka, nikasema wacha nishike mwiko kidogo nimwonyeshe (hiyo kidogo ndiyo iliniua), nikasonga mpaka ukaiva, kifua wazi, leso ya mama yake kiunoni, simu nimeiegemeza kwa mkebe wa sukari inarekodi. Mwisho nikamwita ashike mwiko atabasamu. Nilipanga kukata huo mwanzo wa video. Kukata sijui. Nikatuma yote.

Siku ya mkutano wa wazazi, mwalimu akafungulia video za watoto kwa tivi, moja baada ya nyingine. Yetu ikafika. Kwanza likatokea tumbo langu. Halafu sauti ya Mercy: "Baba, mwalimu amesema nipike mimi." Na yangu, wazi kama ya redio: "Mwalimu anataka kuona ugali ama anataka kuona uji? Kaa huko nyuma."

Wazazi walicheka, na jirani yangu Mama Otis, ambaye mlango wake unatazamana na wangu, alicheka mpaka akatoka nje. Mercy hakucheka. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwalimu akasema kwa upole kwamba hawezi kumpa mtoto alama za baba yake. Kama anataka zake, jiko la chai ya wazazi bado lina moto hapo nje, na unga na mwiko vya shule vipo.

Mtoto akaenda, sisi wote nyuma yake. Akangoja maji yachemke, akamwaga unga, akasonga kwa mikono miwili huku ameuma mdomo. Madonge yakaanza kujitokeza. Nilikuwa nimeshaapa moyoni kwamba mwiko wa shule sitashika tena maishani, lakini mkono ukaenda wenyewe. Mama Otis akaudaka katikati, watu wakiona.

"Baba Mercy, wewe darasa la nne ulishamaliza. Toa mkono kwa sufuria ya mtoto."