Suti ya Marehemu Baba Ilipokwenda Baa

Ujinga wenyewe naukiri mapema: nilifungua sanduku la mama, nikavaa suti ya marehemu baba, ile ya mikono mifupi kama ya viongozi, nikaenda baa ya Keko kula mishikaki kama mtu mzima. Mie huyu, kidato cha pili, ndevu tatu.

Wakadhani natoka kwenye Chama. Mchoma nyama akanifutia kiti. Seremala mmoja, mzee wa kuamkiwa, akaniuliza, "Ndugu, sukari itafika lini?"

"Tunalishughulikia," nikamjibu, mdomo umejaa nyama.

Mara akaingia mama na karai la ndizi anazowauzia pale. Suti ile haiguswi na mtu. Yeye mwenyewe huitoa kuianika tu, akainusa, akairudisha. Ningeweza kuinama chini ya meza. Lakini nililelewa vibaya kwa kazi hiyo: nikasimama, nikampokea karai, nikasema, "Shikamoo mama."

Baa nzima ikageuka. Mama akaninyooshea ukosi taratibu.

"Marahaba. Hebu simama vizuri nikuone. Mabega bado, ila urefu umeshamfikia. Kaa, baba, umalize nyama yako."