Mama Breki wa Mwatate

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na yeyote hapa Wusi atakuambia hivyo kabla hujamuuliza. Sisifu watu ovyo. Fundi wa bati nilishamfukuza akiwa bado juu ya paa, na wa kisima tulinuniana msimu mzima. Kwa hiyo nikisema namheshimu Kathini kuliko fundi yeyote aliyewahi kukanyaga shamba langu, ujue sisemi kwa kuzoea.

Kathini si mtu wa milimani. Wazazi wake walitoka Ukambani wakatulia Miasenyi, kando ya barabara kuu, na ujana wake wote aliwauzia madereva wa malori tikiti maji na mahindi ya kuchoma. Akaolewa Mwatate na Muinde, mwanamume mpole anayeshona viatu karibu na stendi, na mtoto wao ni Mumo. Pawaso, yaani ule msumeno wa petroli ambao watu wa kwetu hawana jina lingine la kuuita, aliipata kwa mjomba wa Muinde, mzee Munyoki, aliyepasua mbao mpaka mgongo ukamkatalia.

Munyoki aliwaita vijana wa ukoo uani kwake aone nani ataichukua mashine. Wote waliinyooshea mkono kwa pamoja, kila mmoja akitaka kuiwasha asikie inavyolia. Kathini alikuwa pembeni akiosha vyombo. Akauliza, "Na inazimwa vipi?" Mzee akawaambia vijana waende nyumbani. Kuanzia siku hiyo alimfundisha yeye, na inasemekana hakumwachia aiguse kamba ya kuwashia mpaka alipoweza kuifungua mashine yote, kuisafisha na kuirudisha bila kubakisha skrubu mkononi.

Mimi nilimjua alipokuja kunikatia nguzo za boma. Niliweka kigoda kivulini nikamtazama, kwa sababu kazi ya mtu mwingine haichoshi. Akatandika gunia chini, akailaza mashine juu yake kama mtoto anayebadilishwa nepi. Akavaa glavu, akaivuta cheni kwa vidole. Cheni ikilegea, aliniambia, inaweza kuchomoka ikakurukia. Ukiikaza mno, inachemka na kula chuma inachokizunguka. Yake ilikuwa imebana vizuri na bado ilizunguka ukiivuta kwa mkono. Akayanoa meno moja baada ya jingine kwa tupa ya mviringo, bila kulipendelea hata moja, maana meno yakitofautiana msumeno unakata ukienda upande. Akafungua filta ya hewa, akaikung'uta vumbi.

Halafu mafuta. Injini ile haina oili yake ndani kama ya pikipiki za siku hizi. Oili inayoilainisha ni ile inayochanganywa na petroli, na Kathini huchanganya mwenyewe nyumbani, kwenye chupa aliyoichora mistari miwili kwa rangi ya kucha, mmoja wa petroli, mwingine wa oili. Mchanganyiko wake una ukijani kidogo, kama maji ya mboga. Alipomaliza kujaza alipangusa kila tone, akaibeba mashine kwenda mbali na pale mafuta yalipoanguka, ndipo akajiandaa kuwasha.

Na kuwasha kwenyewe ni ibada. Anaiweka chini palipo sawa, cheni isiguse hata jani. Anakisukuma mbele kikingio cha mkono, ambacho ndicho breki, mpaka kilie tak. Anakita buti la kulia kwenye mshikio wa nyuma, anaugandamiza ule wa mbele kwa mkono wa kushoto, anavuta choki, kile kidude cha kuwashia injini ikiwa baridi, kisha anavuta kamba. Ikikohoa anarudisha choki na kuvuta tena. Vijana wa Mwatate wenye pawaso huwashia hewani, mkono mmoja umeshika mashine na mwingine unavuta kamba, cheni ikipepea karibu na goti, ili wasichana waone. Hao ndio waliompa jina la Mama Breki, na walikusudia kumcheka. Wacha wacheke. Mimi sijawahi kumwita kijana wa hewani kwangu, na sina mpango huo.

Mwaka jana, mwezi wa nne, mvua ilinyesha usiku kucha mpaka matuta ya mashamba yakaanza kuteleza. Kulipokucha nilikuwa zizini nakamua. Juu ya zizi, kwenye shamba la jirani, palisimama mkaratusi mkubwa ambao nilishasema mara nyingi ukatwe, na kama kawaida nikaambiwa napenda maneno. Nilisikia mabati yakilia. Nilipopata akili nilikuwa chali kwenye matope, paa limenilalia, na gogo la mkaratusi limeukalia mguu wangu wa kushoto chini ya goti. Ng'ombe alipenya akatoka nje bila hata kunitazama.

Kilichoniokoa ni nguzo za zizi. Zilikuwa zimepinda zikabeba sehemu kubwa ya ule uzito, lakini zilikuwa zinalia, na kila zilipolia gogo lilishuka kidogo. Majirani walikuja na mashoka. Pigo la kwanza tu gogo likatikisika na mimi nikapiga yowe ambalo nadhani lilisikika Mwatate. Peris, mke wangu, akamnyang'anya mtu shoka lake, akasema hakuna atakayeugusa huo mti tena. Mdogo wangu Geoffrey, mwenye bodaboda, akatumwa kumleta Kathini.

Sijui walikawia kiasi gani. Maumivu yalikuwa yameisha na mguu nilikuwa siusikii kabisa, na hilo ndilo lililonitia hofu kuu. Mimi ni mkulima wa shamba la mlimani. Mtu wa mguu mmoja hapandi matuta ya Wusi.

Nikasikia pikipiki, halafu sauti ya Kathini karibu na kichwa changu.

"Baba Abby, ni mimi."

"Basi washa hiyo kitu!"

"Bado."

Nikasikia buti zake zikizunguka kwenye matope, polepole, upande huu na upande ule. Alikuwa anausoma mti. Baadaye alinieleza kwamba gogo lililoshikwa huku na huku likapinda katikati linakuwa na hasira kama upinde uliovutwa. Ukilikata upande usiofaa, linabana msumeno ama linaruka. Akawaagiza wanaume walete mawe na magogo mafupi wayapange pande zote mbili za mguu wangu, na kabari zipigwe mpaka uzito ushikwe. Nilisikia nguzo zikinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kupumua vizuri tangu asubuhi.

Sasa, kwetu kuna adabu moja. Ukimwita mtu wa pawaso kwako, mafuta ni yako, na ni heshima umjazie tenki kabla hajaomba. Kathini husafiri na tenki tupu kwa usalama, na chupa yake iko kwenye mfuko. Geoffrey, maskini, akamwona anahangaika na kabari, akaona tenki tupu, na upendo wa ndugu ukamwingia. Akatoa chupa ya petroli iliyokuwa chini ya kiti cha bodaboda, akajaza mpaka juu.

"Mama Mumo, nimekujazia tayari!" akaita. "Washa tu!"

Kathini akarudi, na nikasikia kifuniko kikifunguliwa.

"Umetia nini hapa, Geoffrey?"

"Petroli. Safi kabisa, nimeitoa kwa pampu jana, Voi."

"Hii ni nyeupe," Kathini akasema. "Haina oili."

Akaibeba mashine kando na kuanza kuimwaga. Mayowe yaliyofuata sijapata kusikia hata kwenye mnada wa ng'ombe. Mtu anakufa pale na huyu mama anamwaga mafuta! Mmoja alimwambia petroli ni petroli. Mwingine alitaka kuinyakua mashine aiwashe yeye hewani. Hata Peris, mpole kama alivyo, alisema kwa sauti inayotetemeka, "Mama Mumo, dada yangu, si uikate tu hivyo hivyo? Ni kidogo tu."

"Mama Abby, nikikata na hii, injini itajikwaruza ndani na kukwama. Ikikwamia katikati ya mti, mti utabana chuma, na mashine nyingine ya kutegemea iko mbali. Huyu atakuwa bado ako hapo chini."

Mimi nilimtukana. Nilimtukana kwa Kidawida cha kwetu na kwa Kiswahili, na nilipoishiwa nikatafuta maneno ya Kiingereza. Akainama karibu nami, nikasikia harufu ya petroli kwenye glavu zake.

"Tukana tu, Baba Abby. Ukitukana najua unapumua."

Akajaza kutoka kwenye chupa yake, akapangusa, akasogea mbali na pale palipomwagika. Akaja akanifunika uso na kifua kwa gunia lililolowa ili vumbi la mbao lisiniumize. Gizani mle nikasikia yote niliyokuwa nimeyatazama siku ile ya nguzo. Cheni ikavutwa kwa kidole. Breki ikalia tak. Buti likakanyaga. Kamba ikavutwa, na mashine haikuwaka.

Akavuta tena, ikakohoa ikafa. Nadhani ile petroli ya Geoffrey ilikuwa bado kwenye mipira ya kupitishia mafuta. Watu waliguna, mwingine akaanza kusali kwa sauti. Geoffrey akasema, karibu kulia, "Nipe niivute mimi, niko na nguvu." Kathini akamjibu neno moja tu, "Nyuma." Hakuinyanyua mashine kutoka chini, hakuipiga teke, hakuharakisha chochote. Akarudisha choki, akavuta, akavuta, na ikanguruma kiasi kwamba nilihisi ardhi ikitetemeka mgongoni.

"Nakata juu kidogo," akanipigia kelele, "halafu namalizia chini! Usisogee!"

Kana kwamba ningesogea. Meno yakaingia kwenye mti. Mlio wake ulikuwa mmoja, mzito, haukupanda wala kushuka. Ukakoma, na katikati ya ule ukimya wa injini iliyotulia nikasikia tak. Alikuwa anahama upande, na kwa hatua moja tu alifunga breki. Hatua moja, mtu anakufa, watu wanapiga kelele, na alifunga breki. Siwezi kukueleza nilivyofarijika na kile kisauti. Niliona wazi kabisa kwamba huyu mwanamke hatapoteza kichwa, na kwamba mimi naweza kuacha kukishikilia changu. Machozi yakanitoka chini ya gunia. Sijui kama ni hofu ama ni shukrani, lakini yalikuwa mengi.

Akamalizia kutokea chini. Kukasikika mlipuko, na sehemu ya juu ya mkaratusi, matawi na yote, ikaanguka nje ya zizi. Mawe na kabari hazikusogea. Tak. Akazunguka, akakata upande wa pili vilevile, juu kidogo kisha chini, bila kuongeza mwendo hata kidogo kwa kuwa mwisho umekaribia. Halafu akazima. Mpaka leo sijui ukimya mzito kuliko ule.

"Sasa," akasema. "Wanaume, shikeni kile kipande. Inueni juu, msiburute."

Wakainua. Uzito ukaondoka na mguu ukabaki pale kama mali ya mtu mwingine. Nikalitupa gunia, nikataka kuinuka nitazame. Peris alikuwa amepiga magoti nyuma yangu, akanikamata kichwa akakibana kifuani kwake kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Usitazame, Baba Abby."

"Niachie nione mguu wangu!"

"Usitazame kwanza."

Nikajua basi. Mtu haambiwi asitazame kitu kizuri. Nikasikia Kathini akivua glavu, akikata buti langu la mpira kwa kisu, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Nikasikia mtu akishusha pumzi. Geoffrey alikuwa amegeukia ukuta.

"Baba Abby," Kathini akasema, "chezesha vidole."

Nikatuma amri kule chini. Niliituma kwa nguvu zangu zote, nikauma meno, nikafumba macho ndani ya kanga ya mke wangu. Sikusikia chochote kikijibu.

"Nimechezesha," nikasema.

Nilisikia maji tu yakidondoka kutoka kwenye mabati.

"Nimesema nimechezesha! Vinacheza ama havichezi? Mmekuwa mabubu?"

Kisha ile sauti, iliyokuwa imetulia asubuhi nzima mbele ya mayowe na matusi na mti wa kubebwa na watu kumi, ikakatika vipande viwili.

"Vinacheza," Kathini akasema, akilia kwa furaha kama mtoto. "Vinacheza vyote, Baba Abby. Endelea kuvichezesha."