Jiwe la Mtungini

Nilipoolewa Mbuji nilipanda milimani na vitu vitatu ambavyo mama mkwe wangu hakuona kazi yake: cherehani ya mkono, kitabu cha nyimbo cha Kianglikana, na mtungi wa udongo wenye jiwe ndani. Cherehani aliikubali mwezi wa pili tu, nilipomshonea gauni la Pasaka. Kitabu alikivumilia, kwa kuwa wao ni Wakatoliki na aliamini nitabadilika taratibu. Mpaka leo anaamini hivyo. Mtungi ndio ulioleta maneno.

Mimi ni mtu wa Lundo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kwetu jua likishapanda, maji ya ndoo hayafai kwa kiu wala kwa chai. Kila nyumba ina mtungi kwenye kona yenye kivuli, na katika ukoo wetu kila mtungi una jiwe ndani yake. Ukichota kwa kikombe maji yakiwa yamepungua, kikombe kinagonga jiwe: ko. Kwa mlio huo tulijua maji yanaisha, mtu aende kuteka. Nimekua nikisikia huo mlio kama wengine wanavyokua wakisikia redio ya baba yao, na sikuwahi kujiuliza jiwe linafanya nini humo. Mtu haulizi kwa nini mlango una bawaba.

Siku ya kuondoka kwenda kwa mume wangu, bibi yangu aliyenilea alitumbukiza mkono kwenye mtungi wake, akatoa jiwe lake mwenyewe, akanipa. Lilikuwa jeusi, dogo kuliko ngumi, na upande mmoja lina kibonyeo. Nililifungia kwenye khanga nikalisukumia kwenye begi, maana gari lilikuwa linapiga honi.

Sasa Mbuji si Lundo. Huko asubuhi tunavaa masweta mawili, na maji ya mtoni yanauma meno. Mtu wa Mbuji anayeweka mtungi wa kupoozea maji ni sawa na mtu wa Lundo anayenunua blanketi la manyoya. Lakini mimi niliuweka jikoni, nikaujaza, nikalitia jiwe langu, nikaona nyumba imekuwa nyumba.

Wiki ya pili mama mkwe akaja kutuona. Kwao upo utaratibu: mzazi akiingia nyumbani kwa mwanawe kwa mara ya kwanza, anakunywa maji ya nyumba hiyo kwanza, ndipo anakula. Asipokunywa, hali. Nilikuwa nimeelezwa, na nilikuwa nimepika wali na samaki mkubwa wa kwetu, mbasa, aliyeletwa kutoka ziwani. Nikapiga magoti, nikachota. Ko.

"Kuna nini humo?" akauliza.

"Jiwe, mama."

"La nini?"

"Kwetu huwa tunaweka, mama."

"Nimesikia mnaweka. Nauliza la nini."

Nikafikiri. "Sijui, mama."

Akakiweka kikombe chini taratibu, kikiwa kimejaa vilevile. Akasema amekula kabla hajatoka kwake, na kwamba samaki ananukia vizuri sana. Kisha akaaga.

Ningedanganya pale pale, nikasema ni la kutuliza tope, mambo yangeishia hapo. Tatizo langu ni kwamba nikiulizwa kitu huwa najibu. Na kwake yeye, mwanamke anayeweka kitu kwenye maji ya watu bila kujua ni nini alikuwa wa kuogopwa kuliko anayejua. Haikupita wiki, neno limbwata likaanza kutembea kati ya mto na kanisa. Ushahidi walikuwa nao, siwezi kukataa. Mume wangu alinenepa mwaka ule. Alikuwa akitoka kwenye shamba la kahawa mapema kuliko wanaume wenzake. Na jirani mmoja alimwona kwa macho yake akiosha vyombo, tena akiimba.

"Litoe tu," mume wangu akaniambia. "Jiwe ni jiwe."

"Nikilitoa nitakuwa nimekiri."

"Umekiri nini?"

"Kwamba nilikuroga."

Akacheka, akasema kama ni hivyo basi dawa ni nzuri, niongeze. Yeye ni mtu wa raha, hajui ubishi ni kitu gani. Mimi ninao wa kutosha watu wawili, kwa hiyo jiwe lilibaki.

Mama mkwe hakuwa mbaya kwangu, na hilo ndilo lililoniuma. Alinifundisha kulima ngoro, yale mashimo ya shambani ambayo Wamatengo wanachimba mteremkoni ili mvua isichukue udongo, na ambayo mtu wa ziwani akiyaona mara ya kwanza anadhani watu wametafuta kitu kilichopotea. Alicheka jinsi nilivyoshika jembe, akanishika mkono akanionyesha. Kwake nilikula na kunywa. Ni kwangu tu alikopita mlangoni bila kuonja kitu. Krismasi yangu ya kwanza alikuja na wengine wote, maana hangeweza kukosa, akiwa na chupa ya plastiki ya lita moja iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, imejaa maji ya kwake. Akaketi barazani akanywa maji yake kidogo kidogo, sahani yake ikakaa mapajani mpaka mchuzi ukaganda. Watu wote waliona. Nilikwenda jikoni nikalia, kisha nikanawa uso kwa maji ya mtungi uleule, nikarudi kuwaongezea watu pilau.

Mwezi wa saba, kahawa ikiwa inavunwa na kila mtu ana shughuli, nikaomba ruhusa ya kushuka Lundo. Nililibeba jiwe kwenye mkoba. Nilikuwa nimeamua sirudi bila jibu.

Nilianza na mjomba, ambaye ni katekista na hajawahi kukosa jibu la kitu chochote. Akasema jiwe lilibarikiwa na wamisionari wa kwanza waliofika kwa meli, ili maji ya ukoo wetu yawe ya ubatizo siku zote. Nikamuuliza alisikia kwa nani. Akasema mambo mengine hayasikiwi, yanajulikana. Nikaenda kwa shangazi. Shangazi akasema hiyo ni ya mamba: mtoto aliyekunywa maji yaliyolala na jiwe hachukuliwi na mamba ziwani. Akasema, mbona sisi wote tuko hai? Nikamwambia hata jirani zake wasio na jiwe wako hai. Akanijibu kwamba milimani wamenifundisha maneno mengi.

Bibi nilimwacha mwisho kwa sababu niliogopa. Macho yake sasa yanaona mwanga tu, na mchana hukaa kwenye mkeka nje ya jiko akichambua dagaa kwa vidole. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikaliweka jiwe kiganjani pake. Hakuuliza ni nini. Kidole gumba chake kiliingia kwenye kile kibonyeo moja kwa moja.

"Limerudi," akasema. "Umeachika?"

"Hapana, bibi. Nataka kujua ni la nini."

"Ehe. Siku ile hukuuliza. Ulilinyakua ukakimbia kama umeiba."

Kisha akanieleza, huku vidole vyake vikiendelea na dagaa.

Alikuwa msichana mdogo, bado hajavunja ungo. Wakati huo wanawake wa milimani walikuwa wanashuka kwa miguu, mwendo wa siku mbili, na maharage kichwani, wanabadilishana na samaki wakavu, wanarudi. Siku moja akaja mmoja akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto ana homa. Mama yake bibi akamkaribisha, akamtandikia mkeka, akampa maji. Mwanamke akakataa kunywa, akakataa pia kumpa mtoto.

"Alisema maji yetu hayatembei," bibi akasema. "Kwao maji yanatembea, yanashuka mlimani unayaona. Ya kwetu yamelala tu pale. Akasema maji yaliyolala huwezi kujua yanawaza nini."

Mtoto midomo ilikuwa imekauka. Mama yake bibi hakujua afanye nini. Kumlazimisha mgeni hawezi. Ndipo yule mwanamke akafungua ncha ya nguo yake akatoa jiwe. Lilikuwa jiwe lake la kusagia ugoro. Kibonyeo kile ni alama ya kidole gumba chake, na labda cha mama yake kabla yake. Akasema: jiwe hili limeoshwa kwa maji ya mto wa kwetu tangu nilipoolewa, linayajua. Litieni kwenye mtungi, lilale humo na maji yenu mpaka jua lishuke, nami nitakunywa.

"Mlitia jiwe la ugoro kwenye maji ya kunywa?" nikauliza. Nilikuwa nikimfikiria mjomba na ubatizo wake.

"Tulilisugua kwa mchanga kwanza, mimi na mama, mpaka mikono ikachubuka. Lakini nakwambia ukweli, siku mbili za kwanza tulipiga chafya."

Jioni mwanamke akanywa, akamnywesha mtoto. Walikaa wiki tatu, mpaka mtoto akapata nguvu akapanda mlima kwa miguu yake. Siku ya kuondoka mama yake bibi akamtolea jiwe lake mtungini. Akakataa kulichukua. Akasema liacheni humo, ili nikirudi nikute maji ninayoweza kunywa.

"Akarudi?"

"Hakurudi. Mama akasema tusilitoe, atakuja siku moja na kiu. Mama akafa, nami sikulitoa. Wanangu walipoolewa kila mmoja akaokota jiwe ufukweni akaweka kwenye mtungi wake, maana waliona nyumbani lipo. Hao hawajui kitu. Lakini wewe uliposema unaolewa milimani, nikakupa lenyewe. Nilidhani huko watalitambua wenyewe."

Mwaka mzima na zaidi mama mkwe wangu alikuwa amekaa na kiu mlangoni kwangu kwa ajili ya jiwe lililowekwa ili mtu wa kwao anywe.

Nilirudi Mbuji kesho yake. Sikupitia hata nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja jikoni kwake, na vumbi langu. Alikuwa na ungo mapajani anachambua maharage. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikalifungua jiwe kwenye khanga. Alirudisha mwili nyuma kidogo.

"Mama, uliniuliza la nini. Nimekuja kujibu."

Nikamweleza yote, tangu maharage kichwani mpaka chafya. Nilipofika kwenye maji yaliyolala akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesikia jambo la kawaida kabisa. Nilipomaliza akanyoosha mkono akalichukua jiwe, akaligeuza, akaweka kidole gumba kwenye kibonyeo. Kisha akapeleka mkono wa pili nyuma ya mafiga, akatoa kopo lake la ugoro, na juu ya kopo palikuwa na jiwe jeusi, dogo kuliko ngumi, lina kibonyeo upande mmoja. Akayashika yote mawili. Sisemi yalifanana kama mapacha. La kwake lilikuwa pana zaidi. Lakini mtu yeyote angejua kazi yake ni moja.

"Na huyo mtoto," akauliza, "alipona kweli?"

"Alipanda mlima kwa miguu yake, mama."

"Basi huenda tunamjua," akasema. "Huenda tumemzika hapa hapa na tumekula matanga yake."

Akaweka ungo chini, akajifunga khanga vizuri, akatoka. Nikamfuata. Alitembea haraka kuliko nilivyozoea kumwona, akapita kwa jirani yule wa vyombo bila kusalimu, akaingia jikoni kwangu. Mume wangu alikuwepo, amekunja mikono ya shati anaosha sufuria, akasimama wima kama mwanafunzi. Mama yake hakumtazama. Alilisuuza jiwe, akalitia mtungini yeye mwenyewe, polepole ili lisivunje udongo. Akachukua kikombe, akachota mpaka chini. Ko. Akanywa chote, akachota tena, akanywa. Kisha akafuta mdomo akaniuliza, kwa ukali kidogo, nyumba hii leo inapika nini.

Nililia tena, safari hii mbele yake, na sikuona aibu.

Tukiwa tunakula akasema nimpigie bibi simu. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Bibi shikamoo," mama mkwe akasema, akiinama kwenye simu. "Mimi ni mgeni wenu wa milimani. Nimerudi, na maji nimeyakuta."

Upande wa pili zilisikika sauti za kuku tu. Kisha sauti ya bibi ikaja, kavu na ya karibu.

"Marahaba. Umechelewa," akasema. "Maharage yako wapi?"