Chumba Alichokipata Mama Mkwe

Mama mkwe aliaga asubuhi kwamba anakwenda kliniki kuangaliwa miguu.

Mchana nikamkuta kwenye mtaa ambako hatumjui mtu hata mmoja, ndani ya chumba kitupu, anagonga ukuta kwa ngumi na kutega sikio.

Jamani! Nilidhani uzee umemvamia ghafla.

Ngoja niwapangie vizuri.

Kiwanda cha magodoro anakofanya kazi mume wangu kilikuwa kinahamia nje kabisa ya jiji. Ama tukifuate, ama akose kazi. Tukaamua kuhama: sisi wawili, watoto wetu wawili, na mama mkwe, ambaye tulikuwa tunaishi naye tangu baba mkwe afariki.

Hapo ndipo mahangaiko yalipoanza.

Mume wangu alishikilia neno moja: lazima mama apate chumba chake. Kwa hiyo vyumba vitatu. Sasa vyumba vitatu, maji yawepo, shule iwe karibu, na mshahara ni ule ule! Tulizunguka mpaka viatu vikaisha soli.

Dalali wetu tulimbatiza jina Usijali.

Nyumba haina maji? "Usijali, bomba liko kwa jirani."

Gereji imebanana na dirisha la watoto? "Usijali, watazoea."

Nyumba moja tulimkuta mwenye nyumba anaishi barazani, na kitanda chake na redio yake. "Usijali, ni mtu wa stori sana."

Usingizi ukanihama. Nipo saluni nasuka, mteja analalamika, "Dada, unaning'oa nywele!" Kumbe mikono iko kichwani kwake, akili iko kwenye vyumba vitatu.

Siku hiyo Usijali akapiga simu. Nyumba imepatikana, bei inaongeleka. Uani kuna chumba kimoja cha pekee, ila hicho kuna mteja anakiangalia. Tukaenda mbio.

Kweli, nyumba ilikuwa nyumba. Mume wangu akabaki anafungua na kufunga mabomba. Mimi nikazunguka nyuma kuangalia pa kuanika nguo.

Ndipo nikasikia ngumi ukutani.

"Mama?"

Akageuka. Wala hakushtuka.

"Huu ukuta mkavu," akasema. "Kwingine kote nilikopita kuna unyevu."

Kwingine kote! Nikamwita mume wangu kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Mama, unafanya nini huku? Na kliniki?"

"Kliniki nilikwenda mwezi uliopita. Natafuta chumba."

"Cha nani?"

"Changu."

Baba watoto akanigeukia. Lile jicho, Mungu wangu.

"Umemwambia nini mama?"

Nikaziona simu za mawifi, za mashangazi, za ukoo mzima: mkamwana kamfukuza mkwewe. Machozi yakanilenga na sijatenda kosa.

"Mwache mke wako," mama akasema kwa ukali. "Hakuna aliyenikosea."

"Sasa kwa nini, Mama? Unakosa nini kwangu?"

Akajikalisha taratibu kwenye kizingiti.

"Nilitoka kwa baba yangu nikaenda kwa baba yako. Alipokufa nikaja kwako. Nimezeeka, mwanangu, na sijawahi kushika ufunguo wa mlango wangu mwenyewe. Pensheni ya marehemu inatosha kulipia hapa. Nataka nipike ninapotaka, nilale ninapotaka, na nikimchoka mtu nifunge mlango."

Mume wangu akajifuta uso kwa kiganja. Akavuta pumzi.

"Sawa, Mama. Basi sisi tuchukue hii nyumba ya mbele, wewe ukae..."

"Thubutu!" Mama akasimama, miguu haimuumi tena. "Mhamie mbele yangu, mniletee watoto kila mkinuniana? Hapa nimefika mimi kwanza. Tafuteni mtaa wenu!"

Usijali, aliyekuwa mlangoni, akaanza kurudi nyuma taratibu.

Tukaondoka. Hasira, aibu, sijui nini. Tulipofika barabara kubwa, swali likanitoka tu.

"Kama mama hakai na sisi, vyumba vitatu ni vya nini?"

Mume wangu akasimama katikati ya watu. Akaniangalia. Akaanza kucheka, cheko la mtu aliyetua gunia.

Tulihamia vyumba viwili nyuma ya kiwanda kipya. Mtaa huo tulishaupita mara nyingi tukiubeza kwamba nyumba zake ni za kubanana. Leo mume wangu anakwenda kazini kwa miguu, watoto wanasikia kengele ya shule wakiwa bado wanakunywa chai, na kodi tunailipa bila kukopa.

Jumapili ya kwanza tukaenda kumsalimia mama. Mlango umefungwa. Nikagonga.

"Nani?"

"Sisi, Mama."

"Sisi kina nani?"

Mume wangu akajitaja, jina lake na la baba yake, kama yuko kituo cha polisi. Watoto wakaangua kicheko. Ndani tukasikia ufunguo unazunguka polepole, kama mtu anayekula kitu kitamu na hataki kiishe.

Wewe unayehangaika kutafuta pa kuhamishia familia, kabla hujampigia dalali, kaa na watu wako. Waulize mmoja mmoja wanataka kuishi vipi.

Sisi tuliuliza habari za maji, za shule, za barabara. Mama tulimhesabia chumba, hatukumuuliza.