Ukoko wa Mpakuzi

Bangili ndizo zilizoniambia kwamba bibi yangu hali chakula. Alikuwa nazo tangu usichana wake kisiwani Chovai, na zilimbana hata hazivuliki bila sabuni. Siku moja aliinua mkono kunipokea, zikateleza zote mpaka kiwikoni. Nikaushika ule mkono, nikashika mfupa.

Alikuwa katika nyumba ya wazee hapa Kismayo, iliyofunguliwa na watu wa hisani kwa wasio na mtu wa kuwainua. Kwetu sisi, kumpeleka mzee wako huko ni kujitafutia maneno, na maneno niliyapata ya kutosha. Lakini bibi alikuwa amevunjika nyonga, nami sina mwingine nyumbani, na kutwa nzima niko sokoni nauza leso. Nilimpeleka nikalia njia nzima ya kurudi.

Chakula chao sikuwahi kukiona kikiliwa, kwa sababu ruhusa ya kuingia ilikuwa baada ya alasiri. Nilichokiona ni mabaki: wali mkavu uliopikwa nje asubuhi na kuletwa ndani ya ndoo za plastiki, au baasto, tambi za Kisomali, iliyogandana, na mchuzi wa viazi usio na hata mwiba wa samaki, katika mji ambao samaki hushushwa pwani kila siku. Nilikwenda kwa msimamizi, nikamuuliza kwa nini bibi yangu anakonda.

"Wazee wakifika umri ule huacha kula wenyewe," akaniambia. "Muombee tu."

Mtumishi aliyewaletea chakula alikuwa amesimama mlangoni, mwanamke wa Kisomali wa makamo, naye akaongeza lake. "Ayeeyo akili zimeanza kumtoka," akasema. Ayeeyo ni bibi kwa Kisomali, na kweli alilitamka kwa adabu. "Kila siku ananiuliza chungu. Chungu gani? Mimi sina chungu."

Nilimwambia kwamba bibi yangu akili anazo, na kwamba mwenye kazi ya kumlisha ni yeye. Aliokota ndoo zake akaenda chumba cha pili.

Kesho yake nilifunga kibanda mapema nikaenda saa ya chakula, iwe ruhusa, isiwe ruhusa. Nilisimama dirishani kwanza. Mtumishi aliingia mbio, akaweka sahani kando ya kila kitanda, akatoka kuwahi vyumba vingine. Mle ndani walikuwamo wanawake wanne. Mmoja haoni. Mwingine mikono yake haishiki kitu. Wa tatu alilala akiwa ameelekea ukutani. Wote waliwekewa sahani kama watu wazima wenye macho na mikono, kisha wakaachwa.

Hapo ndipo nilipomwona bibi. Alijifunga leso kiunoni, akajiburura kwa makalio kutoka kitanda hadi kitanda, na sahani yake mkononi. Alikaa kando ya yule asiyeona, akamfinyangia tonge, akamtia kinywani, akangoja ameze. Akahamia kwa wa pili. Aliyeelekea ukutani alimgeuza polepole, akamwimbia kidogo, akamlisha. Palipopunguka aliongeza kutoka sahani yake. Ilipofika zamu yake mwenyewe mtumishi alikuwa amerudi kukusanya vyombo, naye bibi akampa sahani tupu bila kunung'unika.

Yule ambaye mimi simwachi asimame peke yake alikuwa akiwalisha wenzake chumba kizima.

Niliingia nikapiga magoti mbele yake. "Bibi, kwa nini huli?"

"Wachu hawayala," akasema. Watu hawajala.

"Sasa wamekula."

"Basi nangoya chungu."

Nilikaa sakafuni. Ningewezaje kusahau? Kule Chovai bibi alikuwa mpakuzi. Harusi, hitima, akika, popote watu walipoalikwa, yeye ndiye aliyeshika upawa. Mpakuzi hatii kitu kinywani mpaka mgeni wa mwisho anawe mikono, wala hali katika sinia la wageni. Fungu lake ni ukoko, ule wali ulioshika chini ya chungu, na hakuna anayethubutu kuugusa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimwonea wivu kwa ukoko ule. Sasa alikuwa katika nyumba ambayo wali unakuja ndani ya ndoo, na ndoo haina ukoko. Alifanya kazi yake kila siku, akangoja fungu lake kila siku, na halikuja.

Sikumbishia. Asubuhi iliyofuata nilipika wali wa nazi nyumbani, nikauacha ushike chini makusudi, na samaki changu wa kupaka, na mchuzi mwingi. Nikavibeba, chungu na vyote, mpaka kitandani kwake. Alipouona ule weusi wa chungu alinyoosha mkono kutaka upawa, nami nikampa. Alipakua. Hata punje haikumwagika. Wale wanawake walikula samaki, na yule aliyekuwa akielekea ukutani aliketi mwenyewe.

Kisha bibi akakwangua. Ukoko ulitoka kipande kimoja, wa rangi ya kahawia, nami nikaulainisha kwa mchuzi kwa sababu meno hana. Roho yangu yote ilikuwa kwenye kile kipande. Nilitaka kumwona akila, basi, nisiombe kingine.

Mtumishi aliingia kukusanya sahani. Jasho lilikuwa likimtiririka, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia mengine. Bibi akamtazama juu mpaka chini.

"Huyu naye hayala," akasema.

Nilimuuliza yule mwanamke kwa Kisomali, na kwa ukali, kama amekula. Akasema tangu alfajiri bado, nyumba nzima anaihudumia peke yake, na akikaa kula wengine hawapati. Alisema hivyo akitazama chini.

Bibi akaukata ukoko katikati. Nusu akampa yeye, fungu la mpakuzi kwa mpakuzi. Yule mwanamke aliupokea kwa mikono miwili, akaketi sakafuni karibu naye. Wakala pamoja, polepole, na bibi akameza tonge la kwanza nililomwona akimeza katika nyumba ile.

Mimi, niliyekuja na maneno yangu tayari, nilichukua sahani nikaenda kuziosha.